Lufira: kilalo tunachopita bila kutazama

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, kuna mahali upande wa Kapolowe ambapo bisi inapunguza mwendo. Wamama wanakimbilia madirisha na samaki wa Tshangalele, mtu mmoja anabishana juu ya bei, halafu matairi yanabadilisha sauti kidogo, tak, tak, na umeshavuka Lufira. Ni sekunde chache tu. Wengi wetu tunakuwaka na macho kwenye simu. Mimi mwenyewe nilipita pale miaka yote ya masomo bila kujua nini ilitokea pale.

Wadogo wakiulizwa daraja maarufu wanatajaka lile jekundu la San Francisco, ama la London lenye minara. Sawa, ni mazuri. Lakini sisi wa Likasi tuna kilalo chetu ambacho kimetajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa, na watu walikufa juu yake. Mimi si enjenia wa ujenzi, nilisoma agronomia, basi wandugu wa politekniki watanisahihisha nikikosea hesabu. Nimeingia katika mambo haya juu ya magunia ya mbolea, nitaeleza mbele.

Tuanze na Septemba 1961. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi tangu tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Mji wetu uliitwa bado Jadotville, jina la Mbelgiji Jean Jadot. Umoja wa Mataifa ulikuwa na kompanyi moja ya askari wa Ireland hapa mjini, watu 150 na zaidi kidogo, chini ya komanda Pat Quinlan. Tarehe 13 wakashambuliwa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wazungu. Walipigana siku kwa siku, maji yakakatwa, risasi zikapungua. Wakaomba msaada Elisabethville, na msaada ukatoka kweli, kwa kamio na magari ya vita, kwa njia ileile tunayopita leo.

Ule msaada haukufika. Ulisimama Lufira. Wakatanga walikuwa wamejua jambo ambalo kila mchungaji wa mbuzi analijua: huwezi kulinda pori lote, lakini unaweza kulinda mlango. Kilomita 120 za njia, askari anaweza kupita pembeni, kwenye majani, kwenye mashamba. Penye mto hakuna pembeni. Kuna paka pale pa kuvukia, upana wa gari moja ama mawili. Safu ya kwanza ikarudi. Ya pili, tarehe 16, ilikuwa na Wahindi na Waireland, ikapigwa kutoka ng'ambo ya mto, na juu ndege ndogo ya Fouga Magister inazunguka. Askari wa Kihindi walikufa pale. Kesho yake, tarehe 17, Quinlan akasalimisha silaha. Kati ya watu wake hakuna hata mmoja aliyekufa katika mapigano yale, na miaka mingi walichekwa kwao kama waoga. Mwaka 2016 filamu ikatoka juu yao, ndio vijana wengi wa hapa wakajua kama mji wao ulikuwa na vita. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika ya Kusini.

Mwaka mmoja na miezi mitatu nyuma ya pale, mto uleule tena. Mwisho wa Desemba 1962 Umoja wa Mataifa ulianza operesheni ya kumaliza utengano wa Katanga. Brigedi ya Wahindi ya jenerali Noronha ikashika njia ya Jadotville. Mara hii jeshi la Katanga halikulinda vilalo vya Lufira tu, liliviharibu, cha barabara na cha reli. Wahindi walipofika wakakuta kile cha reli kimeharibika, lakini mtu kwa mguu anaweza bado kupita. Noronha hakungoja. Akavusha askari wake wa miguu juu ya machuma yale, wakafukuza waliokuwa ng'ambo, halafu magari yakavushwa kwa chelezo. Tarehe 3 Januari 1963 waliingia Jadotville. New York wakubwa wenyewe walishangaa, kwa sababu huko walikuwa bado wanahesabu kwamba jeshi halitaenda mbele bila kuulizwa. U Thant akamtuma Ralph Bunche kuja Kongo kuuliza imekuwaje. Jibu fupi ni kwamba habari zilichelewa njiani kuliko askari.

Mimi kilichonishika katika hadithi hii ni lile daraja la reli lililoharibika na bado linapitisha watu. Mbona? Daraja la reli linajengwa kwa kubeba treni nzima: mashine yenye makumi ya tani, na nyuma yake mabehewa ya shaba. Mtu mwenye bunduki na mzigo wake ana kilo 90, tuseme 100. Ukiharibu daraja la namna ile hata limeinama na kukatika, nguvu inayobaki ndani yake ni kidogo sana kwa treni na ni nyingi sana kwa mtu. Aliyeliharibu alihesabu treni na magari. Hakuhesabu miguu.

Sasa, mbona kulikuwa na reli ya kuvuka Lufira? Hapo inabidi tuende mbali, mpaka kwenye maporomoko ya Zambezi, Mosi-oa-Tunya, ambayo wazungu waliyaita Victoria.

Shaba ya Katanga babu zetu waliichimba na kuifua muda mrefu mbele ya wazungu, misalaba yake ilisafiri mbali. Lakini kwa kiwanda, shaba ni mzigo mzito, na mpagazi hawezi kubeba kiwanda kichwani. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na swali lake la kwanza lilikuwa la njia, madini yenyewe yalijulikana tayari. Bahari ya Kongo ilikuwa mbali na reli ya Wabelgiji haikufika huku. Reli ya Waingereza ndiyo ilikuwa inapanda kutoka kusini. Ikafika Zambezi, ikakuta bonde lenye kina cha kutisha, chini maji yanachemka.

Cecil Rhodes alitaka treni ipite karibu na maporomoko kiasi cha abiria kuloweshwa na moshi wake wa maji. Alikufa 1902 bila kuona lile daraja, na maporomoko yenyewe hakuyaona. Kama ningekuwa enjenia wake ningemuomba achague mahali pengine, lakini lazima tukubali kama mahali pale kuna faida moja: kingo mbili za mwamba mgumu, karibu-karibu. Mwamba wa namna ile unaita upinde.

Upinde ni nini? Kata kipande cha mwanzi, ukikunje, simamisha ncha mbili kati ya matofali mawili, halafu sukuma juu kwa kiganja. Mwanzi haujakatika, ila matofali yanataka kukimbia pembeni. Ile ndiyo siri yote: upinde unageuza uzito wa juu kuwa msukumo wa pembeni. Ukiwa na udongo laini pembeni, upinde unafunguka na kuanguka. Ukiwa na mwamba, mwamba unakataa kusogea, na upinde unakaa. Daraja la Zambezi lilichorwa na George Hobson, chuma chake kikatengenezwa Uingereza, Darlington, kikaja kwa meli mpaka Beira na kwa treni mpaka ukingoni. Upinde wake una mita 156 kutoka ukingo hadi ukingo, na kutoka juu mpaka maji yakiwa kidogo ni mita 128.

Huwezi kuweka jukwaa la miti chini ya kitu kama kile. Basi wakajenga kutoka pande mbili kwa mara moja. Kila nusu ilikuwa inatokeza hewani, imeshikwa nyuma na kamba za chuma zilizofungwa ndani ya mwamba, kila siku inarefuka kidogo kuelekea mwenzake. Mwisho wa Machi 1905 zikakutana. Na hapa ndipo pananifurahishaka: kipande cha mwisho kikakataa kuingia. Nafasi ilikuwa ndogo, ilipungua sentimita 3 hivi. Watu wakalala. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili, chuma kimepoa na ubaridi wa usiku, kipande kikaingia mahali pake.

Hakuna uchawi. Chuma kikipata digrii moja ya joto zaidi, kila mita yake inarefuka sehemu 12 za milioni moja. Zidisha kwa mita 156, halafu kwa digrii 17 za tofauti kati ya jua la mchana na alfajiri: unapata sentimita 3 na kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifanya nyuma ya daftari. Na ile sauti ya tak, tak ya bisi mwanzo wa daraja ni mambo yaleyale: ni pengo lililoachwa kwa makusudi ili daraja lipate nafasi ya kurefuka mchana bila kusukuma ukuta. Pengo likijaa mchanga na mawe, siku ya jua kali daraja halina pa kwenda, linaanza kuvunja zege la mwisho wake.

Daraja lilifunguliwa tarehe 12 Septemba 1905 na profesa George Darwin, mtoto wa yule Darwin wa masomo ya biolojia. Kutoka pale reli ikapanda mbio: Kafue, Broken Hill, Sakania, na mwaka 1910 treni ikafika Elisabethville. Mwaka 1913 ilifika Kambove, maana yake Lufira ilikuwa imeshavukwa na Likasi iko njiani. Mashine za viwanda zilipanda kwa njia ile, na shaba ikashuka kwa njia ile mpaka Beira. Mtu anaweza kusema mji wetu ulizaliwa na madini, ni kweli, lakini madini yalikuwa pale tangu Mungu aumbe dunia. Kilichobadilika katika miaka ile minane ni madaraja.

Kwa haki inafaa niseme na upande wa pili. Lile daraja halikujengwa juu yetu. Lilijengwa kwa kutoa vitu, na treni ilipopanda ilibeba pia amri, kodi na wanaokuja kutafuta wafanyakazi wa mgodi. Daraja halichagui kitu cha kupitisha.

Nchi yetu ina moja kubwa kuliko lile, na lenyewe limenifundisha jambo tofauti. Ni daraja la Matadi, juu ya mto Kongo, lililojengwa na Wajapani na kumalizika mwaka 1983. Wakati wa Mobutu liliitwa daraja la Marshali. Urefu wake ni mita 722, na kati ya minara yake miwili kuna mita 520 bila nguzo hata moja ndani ya maji, kwa sababu meli lazima zipite na mto pale una nguvu na kina ambavyo hakuna mtu anataka kuvichezea. Halisukumi pembeni kama upinde. Linaning'inia. Kamba kubwa mbili zinapita juu ya minara, na barabara imefungwa kwenye kamba kwa nyaya za kusimama wima.

Kama unataka kuelewa, funga kamba ya nguo kati ya miembe miwili na utundike suruali ya jeans yenye maji. Ukiiacha kamba ilegee, inashika vizuri. Ukijaribu kuivuta iwe sawasawa, mikono inauma na mwembe mdogo unainama. Hesabu inasema hivi: ukipunguza mlegeo nusu, mvuto wa kamba unakuwa mara mbili. Njo maana minara ya Matadi iko mirefu vile: urefu wa mnara unanunua mlegeo, na mlegeo unapunguza mvuto.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Daraja la Matadi lilichorwa kubeba magari na pia treni, kwa reli ambayo ingeteremka mpaka bandari ya Banana, kwenye bahari yenyewe, ili mizigo ya nchi isitegemee bandari ya Matadi peke yake. Nguvu ya treni imo ndani ya chuma kile. Reli haikuwekwa. Miaka 40 na zaidi, daraja linabeba paka magari. Nani alaumiwe, kila mmoja ana jibu lake, wengine wanataja deni, wengine bei ya shaba iliyoanguka miaka ya 70. Mimi nikiweka Zambezi na Matadi pembeni kwa pembeni, naona kitu kimoja: lile la kwanza ni dogo, lakini reli ilikuwa inalifuata nyuma na mzigo ulikuwa unaingoja mbele. La pili ni zuri zaidi kwa ufundi, na reli yake imebaki kwenye karatasi.

Nimeahidi magunia ya mbolea. Msimu mmoja nilikuwa nafanya kazi na mradi wa muhindi katika vijiji, sitataja jina, ndani-ndani kutoka njia kubwa. NPK ilipita Novemba bila shida. Mwezi wa kwanza tunapeleka urea. Kwa wasiosoma shamba: muhindi unaingoja urea ukiwa umefika magotini, ukichelewa mpaka unatoa maua, unaweza kumwaga hata gunia zima, majani yatakuwa ya kijani vizuri na mavuno yatabaki yaleyale. Kamio ilibeba magunia 200 ya kilo 50, tani 10 kamili. Tukafika kwenye kijito, kilalo cha magogo matano na udongo juu. Shofa akashuka, akapiga gogo la pembeni na nyundo, akasikiliza.

"Hii muti ilisha kuoza. Tushushe bintu kwanza."

Mimi nilitaka kubishana, juu ya saa. Kwa macho lilikuwa gogo nene la sentimita 40. Yeye akachokoa na bisibisi, ikaingia kama kwenye mkate. Mbao nzuri ndani ilibaki labda sentimita 30. Nilidhani basi tumepoteza robo ya nguvu. Baadaye rafiki wa politekniki alinitumia sauti kwenye WhatsApp akicheka: nguvu ya gogo la mviringo inafuata kipenyo mara tatu kwa chenyewe. Gogo la 40 si mara mbili ya gogo la 20, ni mara 8. Na likishuka kutoka 40 hadi 30 halibaki na robo tatu, linabaki na chini ya nusu. Shofa hakusoma ile hesabu. Aliijua kwa masikio.

Na kuoza kule, hapo niko kwangu. Kuvu wanaokula mbao wanataka maji na hewa pamoja. Gogo lililo chini ya maji siku zote halina hewa, linakaa miaka mingi. Lililo juu na kavu halina maji. Linalokufa ni lile lenye udongo juu yake, maana udongo unashika unyevu hata wiki mbili nyuma ya mvua, na kuna mchwa tena. Sisi tunafunikaka vilalo na udongo ili gari zisirukeruke. Tunavipikia kuvu. Mbao za kukingama juu ya magogo, zenye nafasi kati yao, zinarusha gari lakini zinaacha gogo likauke. Tena mwanzoni na mwishoni, penye gogo linalala kwenye ukingo, mawe makavu chini yake yanafaa kuliko udongo, na yanasaidia pia maji ya mvua yasichimbe ukingo. Vilalo vingi haviangushwi na uzito hata kidogo, ni maji ndiyo yanakula pale vinapokaa, usiku, wakati hakuna gari.

Dawa ya haraka ipo, vilalo vya chuma vya vipande ambavyo Office des Routes inavitumiaka. Asili yake ni Mwingereza Donald Bailey, wakati wa vita vya pili vya dunia. Kipande kimoja kina urefu wa mita 3, kilo 260 hivi, watu sita wanakibeba bila mashine. Unaviunga kwa pini ukingoni, mbele unaweka pua nyepesi, nyuma uzito, na unasukuma yote juu ya magurudumu mpaka pua inagusa ng'ambo. Siku chache, si miezi. Lakini lazima kamio inayoleta vipande ifike pale.

Siku ile tulivusha magunia 200 kwa baiskeli na kwa vichwa, tangu saa nne mpaka giza, na mvua ya saa tisa ililowesha urea ya watu wa mwisho. Mashamba ya ng'ambo ya mbali yalipata siku kumi nyuma ya wengine. Wakati wa kuvuna ungeweza kuona mpaka kwa macho.

Kiangazi, kijiji kikabadilisha magogo mawili, tukaweka mawe na mbao za kukingama, yule wa politekniki akafanya hesabu na kusema tani 5, isizidi. Chifu akaomba iandikwe. Tukaandika kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha mbao, TANI 5, tukakipigilia mwanzoni pa kilalo. Mwaka uliofuata nilipita tena nikakuta alama za matairi ya kamio ya makala, na mnajua makala yanavyopakiwaka kwetu. Ile mbao ilikuwa bado pale. Mama mmoja alitundika juu yake samaki wake wa kuuza, nikanunua wawili, nikavuka kwa mguu.